UZI: Natengeneza bagi ya kukwea mawe hapa Kasese, naomba ushauri wa injini

Mkwea_Mawe (Kasese)
Habari zenu jamani. Miaka yote humu nimekuwa wa kusoma na kupita, leo nafungua uzi wangu maana nimekwama.

Nina Hilux ya zamani, ile ya ekseli nzima mbele na springi za majani pande zote, injini 22R ya petroli, giaboksi W56. Ilipinduka, kabini ikalala kama chapati, mwenyewe akaniachia kwa bei ya skrapa. Kabini nimeikata yote. Nyuma ya nyumba sasa kuna chasisi, ekseli mbili, na injini iliyofunikwa turubai ambamo kuku wameanza kutaga. Mke wangu anaiita jeneza.

Sitaki gari la barabarani wala la rali. Nataka bagi, yaani kigari cha mabomba matupu, kisicho na bodi, kazi yake moja: kupanda mawe taratibu. Waliofika Kasese wanajua bonde la mto Nyamwamba lilivyo. Mafuriko ya Mei 2013, halafu yale ya Mei 2020, yalishusha kutoka milimani mawe marefu kuliko mtu, na mengi bado yamelala pale kuanzia Kilembe kuja mjini. Kila nikipita macho yangu yanachora njia: gurudumu hili hapa, lile pale.

Swali ni injini. Hii 22R naiona kitoto. Kuna mtu ana 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya lita 4.2, nzima kabisa. Niifunge? Au nitafute V8?

Bwana_Haraka (Arusha)
Mkuu, V8. Mengine utayajua mbele ya safari.

Makenika_Busia
Huyo wa Arusha asikudanganye. 1HZ ni chuma kitupu, ukiiweka mbele ya chasisi ya Hilux pua inazama, na ukiwa unashuka jiwe uzito wote unakuja juu ya ekseli ya mbele. Hiyo ekseli ya Hilux naijua, nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia. Subiri wenye uzoefu.

Transfa_Mbili (Nakuru)
Ndugu wa Kasese, msikilize shemeji. Ukifunga 1HZ, hilo jina la jeneza alilolipa gari litatimia.

Nimekuwa fundi wa timu moja ya Rhino Charge kwa misimu kadhaa. Kwa wasioyajua, mashindano yale yalianza 1989 kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, na mshindi si mwenye mbio. Ni yule anayefika vituo vyote 13 ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Ukikuta korongo, kulizunguka ni hasara, kwa hiyo unashuka nalo. Pale ndipo nilipoacha kupenda injini kubwa. Nimeona zikiwafikisha watu upesi sana mahali pa kuvunjikia.

Chukua karatasi. Gia ya kwanza ya W56 ni 3.954. Transfa yako, lile boksi dogo nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, ikiwa kwenye lo (gia ya chini) ni 2.28. Difu, zile gia za katikati ya ekseli, kama hakuna aliyeichezea, ni 4.10, hakikisha kwa kuhesabu meno, 41 kwa 10. Zidisha zote tatu, unapata karibu 37. Yaani injini izunguke mara 37 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi la inchi 35, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 800 kwa dakika, unakwenda kilomita 3.6 kwa saa.

Unasema si ndiyo polepole? Hiyo ni mwendo wa mtu anayekwenda sokoni. Mbele ya jiwe la kufika kiunoni ni mbio. Tairi linagusa, gari linagoma, unakanyaga klachi, unaongeza mafuta, unaachia, gari linaruka, linatua juu ya gurudumu moja, na hapo unasikia *ta!* Hiyo ta ni ekseli.

Sasa tafuta transfa ya pili kama hiyo uliyonayo. Unachukua sehemu yake ya kupunguza mwendo tu, unaifunga kati ya boksi na transfa ya kwanza. 37 mara 2.28 ni 84. Sailensa ile ile, tairi lile lile, unakwenda kilomita 1.6 kwa saa. Unaweza kushuka, ukatembea kando yake, ukafunga kamba ya kiatu (usifanye hivyo).

Na nguvu je? 22R inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya kama Nm 175. Mara 84 ni 14,700. Ile 1HZ inatoa Nm 285; ukiipa uwiano ule ule wa 37 inafika 10,500. Msuguano utakula sehemu pande zote mbili, lakini umeona nani mkubwa. Kitoto chako kinamwinua lile jitu.

Bwana_Haraka (Arusha)
Nimesoma nikasikitika. Ila hesabu haipingiki.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Nimekaa na hilo karatasi mpaka usiku. Nakubali kwa shingo upande, maana nilishaanza kuota mlio wa 1HZ. Transfa ya pili inapatikana wapi hapa kwetu, na hicho cha kuunganisha kinatengenezwa na nani?

Dukani_Kisekka (Kampala)
Ssebo, transfa zipo. Mzigo ukija nakuwekea. Lakini njoo na shafti yako ya zamani mkononi tuhesabu meno ya kuingilia, maana zipo za meno 21 na zipo za 23, na watu wananunua kwa macho halafu wanarudi kugombana na mimi. Za injini kama yako kwa kawaida ni 21.

Cha kuunganisha hakiuzwi hapa. Tafuta mkereza vyuma pale Katwe, hapa hapa Kampala.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Naleta habari, wiki tano zimepita.

Transfa nimepata, meno 21, asante mtu wa Kisekka. Nilisafiri nayo kwenye basi ikiwa ndani ya gunia la mihogo, kondakta akataka kuilipisha nauli kama abiria.

Kibao cha kuunganisha kimekerezwa Katwe kutoka kwenye chuma cha milimita 25. Mzee aliyekikereza hakutaka mchoro. Alichukua transfa zote mbili, akazigonga kidogo kidogo, akaziangalia kama daktari wa meno, akasema rudi Alhamisi. Alhamisi kilikuwa tayari kinang'aa. Nikafunga, nikawasha, nikatia gia: mlio kama wa nyuki kwenye debe. Baada ya dakika kumi sili ya oili ya katikati ikaanza kulia machozi.

Nimerudi naye tukaweka saa ya kupimia. Tundu la katikati limehama kwa sehemu tatu za kumi za milimita. Sehemu tatu tu! Mzee hakubishana. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Hiyo si kitu kwa kinu cha mahindi." Akakereza kingine bure.

Transfa_Mbili (Nakuru)
Mpe mzee heshima yake. Cha pili kitakuwa sawa. Wengi hukipima baada ya boksi kusagika.

Dada_wa_Rodi (Katwe)
Nimeufuatilia huu uzi kimya kwa sababu ya giaboksi, si eneo langu. Lakini picha uliyoweka jana imenitoa kwenye kiti. Kaka, hayo mabomba unayochomelea ni meupe?

Mkwea_Mawe (Kasese)
Ndiyo dada, ya maji. Nilikuwa nayo yamebaki kwenye ujenzi.

Dada_wa_Rodi (Katwe)
Na usiku ulilalaje?

Mkwea_Mawe (Kasese)
Ajabu kwamba umeuliza. Nilitetemeka kama mwenye malaria, kinywa kina ladha ya sarafu, kifua kimebana. Asubuhi nikapima malaria, hakuna. Mchana nikawa mzima. Majirani waliniambia mchomeleaji hunywa maziwa.

Dada_wa_Rodi (Katwe)
Maziwa kunywa kwa chai. Ulichovuta ni moshi wa zinki. Bomba jeupe limepakwa zinki, na zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa hiyo hiyo uliyoieleza: inakuja jioni, inaondoka kesho yake, unadhani yameisha, unarudia. Nina miaka kumi na moja na mashine, nimewaona vijana wakiita hiyo homa "ukubwa wa kazi". Ukilazimika kuchomelea bomba jeupe, nyoa zinki kwa grainda pande zote za kiungo mpaka uone chuma, fanya kazi nje, upepo ukupige ubavuni.

Ila hapa hulazimiki, kwa sababu hilo bomba si la kukaa juu ya kichwa cha mtu. Hebu lipime ukuta kwa kalipa utuambie.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Milimita 2 na kidogo.

Dada_wa_Rodi (Katwe)
Nilijua. Sikiliza sasa, na wengine mnaojenga vizimba vya kumlinda dereva gari likipinduka msikilize.

Bomba la maji linaitwa kwa ukubwa wa jina, si wa kipimo. Ukiomba la inchi moja na nusu unapewa bomba ambalo kwa nje ni milimita 48.3. Mtu akisoma kwenye mtandao kwamba Wamarekani wanatumia bomba la inchi moja na robo tatu, anadhani lake ni jembamba kuliko lile, kumbe lile lao ni milimita 44.45 kwa nje, lako ni nene zaidi. Tofauti iko kwenye ukuta na kwenye chuma chenyewe. Lao lina ukuta wa milimita 3 na limevutwa juu ya kiini, halina mshono unaofunguka. Letu lina mshono.

Kwa hapa kwetu chukua bomba jeusi la inchi moja na nusu, daraja la kati, ukuta milimita 3.2. Kuna daraja zito la milimita 4, lakini utaongeza uzito juu, na uzito wa juu ndio unaokupindua. Hata hilo la 3.2 ni kilo tatu na nusu kwa mita. Ukitumia mita 40 tayari umebeba watu wawili. Kwa hiyo usijaze mabomba kama dirisha la duka. Fikiria pembetatu. Mraba ukisukumwa pembeni unalala, pembetatu hailali. Kila mahali penye mraba mkubwa, juu ya kichwa na nyuma ya kiti hasa, weka bomba la mshazari.

Mshono wa bomba usiuweke upande wa nje wa kona wala wa ndani. Ugeuze ubavuni, pale ambapo chuma hakivutwi wala hakikunjwi sana.

Na kona zenyewe unakunja na nini?

Mkwea_Mawe (Kasese)
Ile mashine ya jeki ya mafundi bomba.

Dada_wa_Rodi (Katwe)
Pima kona.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Nimepima. Bomba la 48 kwenye kona limekuwa 43 kwa huku, 51 kwa kule. Na tumboni lina mkunjo kama shingo ya fulana.

Dada_wa_Rodi (Katwe)
Basi kizimba hicho siku ya kupinduka kitaanza kufa pale pale kwenye mkunjo. Kikate. Najua kinauma, lakini kikate leo kabla hujakizoea.

Unahitaji mashine inayozungusha bomba kwenye kalibu iliyoshika mduara wake, ukubwa ule ule wa bomba. Ukikosa, jaza mchanga mkavu kabisa (kausha kwenye karai juu ya moto, unyevu ndani ya bomba lililozibwa ni bomu), shindilia, ziba pande zote, pasha moto taratibu, kunja kwa mduara mpana. Ni kazi ya siku nzima kwa kona nne. Au punguza kona, tumia vipande vilivyonyooka na viungo vilivyokatwa vizuri mpaka mwanga usipite. Kiungo kizuri kinashinda kona mbaya.

Rodi zako za kuchomelea ni zipi?

Mkwea_Mawe (Kasese)
6013. Ndizo za kila duka.

Dada_wa_Rodi (Katwe)
Zinafaa kwa geti. Kwa kizimba na mabano ya ekseli nataka 7018, na ziwe kavu. Zikishika unyevu zinaingiza haidrojeni kwenye chuma, kinapasuka baadaye bila kukuaga. Mimi naziweka kwenye friji bovu lenye taa ya balbu inayowaka ndani. Na usichomelee jioni watu wote wakiwa wamewasha pasi, stima ikishuka rodi inabandika tu juu kama ubani, haiingii.

Mguu wa kizimba usiuchomelee moja kwa moja kwenye chasisi. Weka bamba kwanza, upana wa kiganja, usambaze mzigo.

Makenika_Busia
Huyu dada apewe uzi wake.

Bwana_Haraka (Arusha)
Nimepima kizimba cha Suzuki yangu. Sitasema matokeo.

Mtoto_wa_Kilembe
Samahani naingilia mazungumzo ya vyuma. Mleta uzi, umeandika kwamba unataka kucheza kwenye mawe ya Nyamwamba. Mimi nimezaliwa Kilembe. Tarehe 1 Mei 2013 mto uliingia hospitali, uliingia nyumba za wafanyakazi wa mgodi, na kuna watu ambao hatukuwaona tena. Baadhi ya mawe unayoyachorea njia yamekaa mahali palipokuwa na vyumba. Mwaka 2020 ukarudi tena. Sisemi usijenge gari. Nasema lile bonde kwetu lina majina.

Na chini yake watu wanachota maji. Umesema mwenyewe sili inalia machozi.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Ndugu yangu, nimesoma mara tatu. Mwanzoni nilitaka kujibu kwamba mimi pia ni mtu wa hapa na tulibeba watu na magodoro siku ile. Halafu nikaona hilo si jibu. Umesema kweli. Sitaingia mtoni.

Makenika_Busia
Hata kisheria usingefika mbali. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda kingo: mita 30 kutoka ukingo kwa mito ya kawaida, mita 100 kwa ile mikubwa iliyoorodheshwa. Na ukipanda juu zaidi unaingia hifadhi ya Rwenzori, huko askari hawatauliza uwiano wa gia.

Tafuta machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mawe yaleyale, hayana mto.

Mtoto_wa_Kilembe
Asante. Machimbo yapo, njia ya kwenda Bwera. Nitakutumia ujumbe, mwenye shamba namfahamu.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Miezi mitatu baadaye. Niwape picha ya mambo.

Kizimba cha kwanza nilikikata. Cha pili ni bomba jeusi 3.2, kona sita tu, nyingine zote ni viungo. Nilikwenda Katwe nikakaa siku mbili karakanani kwa dada, akanichomelea zile sehemu za kichwa mwenyewe, sehemu za chini akaniachia mimi huku amesimama nyuma yangu na nyundo. Kila nilipomaliza alipiga. Mbili zilipasuka, tukarudia.

Springi za majani nimeziacha, nimetoa majani mawili kila upande ili zilegee. Watu wananiambia niweke fimbo nne na springi za koili, nitafika huko pesa ikija. Usukani nimeondoa fimbo za kawaida mbele, nimeweka valvu ya usukani ya foklifti kutoka skrapa na silinda ya trakta. Unageuza kwa kidole kimoja hata tairi limebanwa kati ya mawe mawili. Tairi ni 315/75R16 za mkononi, inchi 35 kasoro kidogo. Nazipunguza upepo mpaka psi 12, jiwe linazama kwenye tairi badala ya tairi kuteleza juu ya jiwe. Na za mbele nimetia maji nusu, kama trakta za mashamba ya miwa, pua isinyanyuke.

Swali la sasa: difu ya nyuma nichomelee, magurudumu yote mawili yazunguke pamoja? Ile ya kufungwa kwa hewa bei yake ni mahari.

Transfa_Mbili (Nakuru)
Nyuma chomelea, kwa gari lisilogusa lami. Likigusa lami litakula tairi na kukunja shafti kila kona. Mbele acha wazi kwa sasa.

Dada_wa_Rodi (Katwe)
Gia za ndani ya difu ni chuma kilichofanywa kigumu. Ukizichomelea baridi zinapasuka zikipoa. Osha oili yote mpaka harufu iishe, pasha moto kwanza, chomelea, halafu zizike kwenye majivu makavu zipoe usiku kucha. Na funika beringi, mate ya rodi yasiingie.

Makenika_Busia
Na mbele, ile jointi iliyo ndani ya nako (kichwa cha ekseli kinachogeuza gurudumu), mleta uzi, nakuomba kama mwanangu: usikanyage mafuta usukani ukiwa umekata mpaka mwisho. Hapo mipira ya ndani inapanda ukingoni na kikombe kinapasuka. Weka bolti ya kuzuia usukani usifike mwisho kabisa.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Nimekusikia mzee.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Mzee, nimeivunja.

Jumamosi, machimboni, safari ya kwanza kabisa. Nilimwona mwenyekiti wa kijiji (LC1) kwanza, mwenye shamba naye akaja na viti vya plastiki kabisa. Jiwe la kwanza, la magotini, bagi ilipanda kama konokono. Sikugusa mafuta. Unasikia 22R inapumua, pu pu pu, tairi linabonyea, linashika, gari linainuka upande mmoja taratibu mpaka unaona mawingu, halafu linashuka kwa adabu. La pili vilevile. La tatu nilikata usukani mpaka mwisho, gurudumu la kulia likajibana, nikaona watu wanatazama, nikakanyaga. *Ta!* Ile ile aliyoisema mtu wa Nakuru.

Bolti ya kuzuia? Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilisema nitaifunga Jumapili.

Makenika_Busia
Mfukoni.

Bwana_Haraka (Arusha)
Na ingekuwa V8?

Transfa_Mbili (Nakuru)
Ingekuwa bado wanaokota vipande. Ndugu, kufungua nako utapakaa grisi mpaka masikioni. Toa kila kipande, hesabu mipira, iko sita. Ukikosa mmoja usifunge, uko kwenye difu unakusubiri.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Mipira mitano niliipata kwenye nako. Wa sita ulikuwa chini kabisa ya grisi, nikaupata kwa sumaku ya spika ya redio baada ya saa mbili. Jointi nyingine imetoka Kisekka, bolti imefungwa, na nimeipaka rangi nyekundu niione.

Jana nimerudi. Lile jiwe la tatu nimelipanda mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimezima hata muziki ili nisikie vyuma. Kuna akina mama wanaponda kokoto upande wa pili wa machimbo. Nilipokuwa katikati ya mteremko mmoja wao alipita kando yangu na karai kichwani, akanisalimia, akafika juu, akatua karai, akaningoja. Nilipofika akauliza kwa huruma ya kweli kabisa, "Mwanangu, limeharibika wapi?"

Transfa_Mbili (Nakuru)
Uwiano uko sawa.

Mkwea_Mawe (Kasese)
Kumbe bado kuna jambo. Nikiinama sana kupanda, kama nyuzi 35 hivi, injini inakohoa na kuzima, nikirudi tambarare inawaka. Kabureta?

Makenika_Busia
Kabureta. Petroli kwenye bakuli lake inakimbilia upande mmoja, kielea kinadanganyika, ama inafurika ama inakauka. Shusha kielea kidogo, na ugeuze lile bomba la kupumulia lipande juu. Dawa yenyewe ni kuhamia mfumo wa kupuliza mafuta, kama wa 22R-E.

Dukani_Kisekka (Kampala)
22R-E kamili na waya zake naweza kuipata. Ila njoo na picha ya plagi zako zote za waya, ssebo. Zote.